Hema la mwendesha baiskeli: usianze na mizani

Mtu akitaka hema la safari ya baiskeli, swali la kwanza kumtoka ni uzito. Ni swali halali, ila halistahili nafasi ya kwanza. Mpanda baiskeli mzima, baiskeli yake na mizigo yake kwa pamoja hukaribia kilo 100. Ukiacha hema la kilo mbili ukachukua la kilo moja na nusu, umeokoa uzito wa nusu lita ya maji, na huenda umelipa maradufu. Anayebeba begi mgongoni ana haki ya kuhesabu gramu. Sisi tunaobebewa na magurudumu tuna mengine ya kutazama kabla.

Kuna urefu wa nguzo zikiwa zimekunjwa. Nguzo za alumini hugawanyika vipande vilivyoshikana kwa kamba ya mpira, na katika mahema mengi kila kipande hufika sentimita 40 au 45. Fungu hilo halikai vizuri katikati ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Litasukumana na breki. Yapo mahema ya waendesha baiskeli yenye vipande vya sentimita 30 hivi. Kama lako si la aina hiyo, funga nguzo kwenye bomba la fremu na kitambaa ukitie mfuko wowote. Mwenye keria ya nyuma asijisumbue na habari hii.

Jambo zito zaidi ni hewa. Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na kwa ngozi usiku kucha, na maji hayo hutafuta kitambaa chenye baridi yakatua. Hema la tabaka moja ni jepesi, lakini alfajiri kuta zake hutiririka matone, na mwenyewe huamka akidhani mvua ilinyesha. Hema la tabaka mbili lina chumba cha wavu ndani na kifuniko cha mvua juu, hivyo matone hubaki kwenye kifuniko bila kukugusa.

Chukua Naivasha, ambako wengi wa Nairobi huenda kwa baiskeli, kwa kuwa hifadhi ya Hell's Gate inaruhusu kuendesha katikati ya pundamilia na pia kupiga kambi. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo Naivasha ni baridi kuliko Mombasa kwa nyuzi 12 hivi. Huko utafunga kifuniko chote na kushukuru. Lipeleke hema hilohilo Bagamoyo au Pangani: usiku ni joto, mbu hawana huruma, na kifuniko utakivua ulale ndani ya wavu mtupu. Hema moja limekufaa pande zote mbili. Turubai peke yake, kipenzi cha wanaosaka wepesi, haliwezi hilo. Chandarua utakinunua tu mwishowe.

Chagua pia hema linalosimama lenyewe bila vigingi. Safari zetu nyingi haziishii msituni. Unaweza kupewa baraza ya shule, au chumba cha gesti ambacho neti yake ina matundu. Kwenye sakafu ya saruji kigingi hakiingii, lakini chumba cha wavu chenye nguzo zake kinasimama hata juu ya kitanda kipana.

Kuhusu kitambaa, nitakuwa mfupi. Nailoni ni imara, lakini ikilowa hulegea na jua huichosha. Poliesta hailegei sana na huvumilia jua zaidi. Kwa jua la Ikweta, mimi nachukua poliesta. Namba ya milimita kwenye lebo ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja: 1,500 inatosha juu, lakini sakafuni, ambako goti hukandamiza, tafuta 3,000. Na popote utakapolisimika, fagia mbigili na miiba ya migunga kwanza. Kinachotoboa tairi hutoboa na sakafu.

Ukinunua mtumba, linuse hema na upapase upande wa ndani wa kifuniko. Likinata na kutoa harufu kali, utando wa kuzuia maji umekufa, hata kama rangi bado inang'aa. Likiwa jipya, mwombe muuzaji asimike chumba cha wavu hapo hapo dukani, uingie ulale chali. Kichwa na nyayo visiguse kuta. Kisha pima fungu la nguzo kwa rula. Akikataa, pesa zako zitapokelewa duka linalofuata.