Miguu Iliyofundisha Masikio

Mwaka 1892 Émile Jaques-Dalcroze alianza kufundisha katika Chuo cha Muziki cha Geneva, na hakukawia kuona jambo lililomkera. Wanafunzi wake walisoma nota bila shida na vidole vyao vilikuwa vyepesi kwenye piano, lakini muziki waliouandika hawakuusikia akilini. Mdundo nao uliwapiga chenga. Ajabu ni kwamba hao hao, wakitembea, hatua zao zilikwenda sawasawa bila kufundishwa na mtu.

Basi kwa nini miguu isiwe mwalimu?

Dalcroze alizaliwa Vienna mwaka 1865, wazazi wake wakiwa Waswisi, akasomea muziki Geneva, Paris na Vienna. Mwaka 1886, akiwa kijana, alikwenda Algiers kuongoza okestra ya ukumbi wa maigizo. Huko alikutana na muziki wa Kiarabu, wenye midundo isiyoingia katika vipimo alivyofundishwa Ulaya. Safari hiyo ilimpa mengi kuliko darasa lolote.

Somo alilobuni linafanyika hivi. Mwalimu anakaa kwenye piano na kubuni muziki papo hapo. Wanafunzi, miguu mitupu, wanatembea wakifuata mapigo. Piano ikiharakisha, wanaharakisha, ikinyamaza, wanasimama. Kisha kazi inakuwa ngumu: mikono inahesabu mapigo huku miguu ikikanyaga urefu wa kila nota. Anayejaribu kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa, kwa sababu akili inalazimika kusikiliza, kukumbuka, kuamua na kuuamuru mwili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1911 shule yake ilipata jengo lake Hellerau, karibu na Dresden, Ujerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, alitia saini waraka wa kulaani mizinga ya Wajerumani iliyopigwa kwenye kanisa kuu la Reims, Ufaransa, na kwa saini hiyo akaipoteza Hellerau. Mwaka uliofuata alifungua taasisi yake Geneva. Makala alizoandika kwa miaka mingi kuhusu mdundo, muziki na elimu zilitoka kama kitabu mwaka 1920.

Alifariki mwaka 1950, kabla sayansi haijapima wazo lake kwamba mwili huufundisha sikio. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada waliwasikilizisha watoto wa miezi saba mdundo usio na mkazo, huku wakiwarusharusha mikononi: wengine kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye watoto walipendelea kusikiliza mdundo wenye mkazo uliolingana na walivyorushwa. Kumtazama mtu mwingine akirukaruka hakukutosha. Ilibidi mwili wa mtoto mwenyewe utikiswe.

Ushahidi wenye manufaa zaidi umetoka Geneva kwenyewe. Watafiti waliwachukua watu 134 wenye zaidi ya miaka 65, waliokuwa katika hatari ya kuanguka, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudhuria somo la Dalcroze saa moja kwa wiki, kwa miezi sita. Jingine lilisubiri zamu yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliohudhuria walianguka kwa kiwango kisichofika nusu ya wenzao, na walitembea kwa uthabiti zaidi hata walipopewa kazi nyingine ya akili.

Kwa mzee, kuanguka mara moja kunaweza kuvunja nyonga. Vituo vinavyohudumia wazee vina kila sababu ya kulijaribu somo hili: kinachohitajika ni piano, sakafu tupu na mwalimu aliyefunzwa.