Diski ya grinda: tundu kuingia si ruhusa

Na Mwandishi Wetu, London

Mpwa wangu, fundi wa mageti na madirisha ya chuma, alinipigia simu kutoka nyumbani akitaka nimwekee diski za grinda katika kontena la mizigo. Alitaka zile kubwa za inchi 9. Nilipomuuliza mashine yake ni ya ukubwa gani, akasema ni ile ndogo ya inchi 4 na nusu. "Tundu linaingia, mjomba. Natoa kava tu."

Nilikataa. Nikaona ni vyema nieleze sababu hadharani, maana wanaofanya hivyo ni wengi, na sisi tulio nje ndio mara nyingi tunaowapelekea vifaa.

Kusema kweli, tundu linaingia. Diski za milimita 115, 125, 180 na 230 kwa kawaida zina tundu la kipimo kimoja, milimita 22.23. Kwa hiyo tundu halimwambii fundi lolote kuhusu usalama. Cha kuangalia ni mwendo.

Diski nyingi za aina hii, zenye mstari mwekundu kwenye lebo, zimetengenezwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde pale ukingoni, yaani kilomita 288 kwa saa. Ndiyo maana diski ya milimita 115 inaruhusiwa kuzunguka hadi mara 13,300 hivi kwa dakika, lakini ile ya 230 isizidi 6,600 hivi. Grinda ndogo nyingi huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukiifunga diski ya 230 humo, ukingo wake unakwenda kilomita zaidi ya 470 kwa saa, na nguvu inayotaka kuipasua inazidi mara mbili na nusu ile iliyokusudiwa. Ikipasuka, vipande vinamwendea fundi usoni, shingoni au tumboni. Na kava ambayo ingevizuia ndiyo hiyo aliyoitoa ili diski ipate nafasi.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye diski iwe sawa au kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye mashine. Ikiwa ndogo, iache.

Pili, soma herufi. Katika alama za diski, herufi A kwa kawaida ni ya chuma, na C ni ya mawe na zege. Herufi BF maana yake diski imeshikiliwa kwa gundi ngumu na kuimarishwa kwa nyuzi. Gundi hiyo huzeeka na huharibiwa na unyevu. Kwa sababu hiyo, viwango vya Ulaya vinaweka ukomo wa miaka 3 tangu kutengenezwa, na tarehe hugongwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati. Diski za bei ya kutupa sokoni huenda zimekwisha muda. Rahisi huvunja upishi.

Tatu, kila diski ina kazi yake. Ile nyembamba ya kukatia, ya milimita 1 hadi 3, haisagi. Ukiilaza ubavu ili ulainishe sehemu iliyochomelewa, itavunjika. Kazi hiyo ni ya diski nene ya milimita 6. Aidha, msumeno wa mviringo wa mbao usifungwe kabisa kwenye grinda, kwani meno yake hunasa na mashine humrukia mwenyewe.

Kabla ya kufunga diski, chomoa plagi. Ikiwa ina ufa, imemeguka ukingoni au imelowa, itupe. Ukishaifunga, iwashe bila kukata kitu kwa muda wa nusu dakika, huku umesimama pembeni na hakuna mtu mbele yake. Shika mashine kwa mikono miwili, usiikandamize wala kuipinda ikiwa ndani ya chuma, na usiiweke chini mpaka isimame kabisa. Cheche zisielekee kwenye mafuta, rangi wala mitungi ya gesi. Miwani ya jua si kinga. Vaa miwani ya kazi, na ikiwezekana ngao ya uso juu yake.

Wenzetu wanaofanya kazi za ujenzi hapa Uingereza wanaelewa jambo hili, kwani kanuni za mwaka 1998 zinamtaka mwajiri ahakikishe anayetumia kifaa amefunzwa. Fundi wa nyumbani mara nyingi hujifunza kwa kumtazama fundi mwenzake, na akikosea, anayelipa ni yeye.

Kwa hiyo wewe unayefunga mzigo, angalia kwanza kama grinda ina kava yake, na kama tarehe ya diski haijapita. Mpwa wangu nimemwekea boksi la diski za milimita 115 na miwani miwili. Amenuna kidogo. Atazoea.