Kuganda kwa damu: hatari kwa aliyepandikizwa figo

MKOJO unapoanza kujaa katika mfuko uliotundikwa kando ya kitanda, jamaa za mgonjwa aliyepandikizwa figo hushusha pumzi. Ndugu aliyejitolea figo yake naye huona maumivu yake hayakwenda bure. Lakini siku zinazofuata zataka uangalizi mkubwa, kwani damu inaweza kuganda ndani ya mshipa na kuiua figo hiyo kwa muda wa saa chache tu.

Kuganda kwa damu ni kinga ya mwili. Bila kinga hiyo, jeraha dogo la wembe lingetuletea hatari. Taabu huanza damu inapoganda mahali isipotakiwa. Madaktari hutaja visababishi vitatu: mshipa kujeruhiwa, damu kwenda polepole, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Aliyepandikizwa figo anaweza kupatwa na vyote kwa pamoja.

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na mishipa yake hushonwa kwenye mishipa mikubwa inayohudumia mguu. Mshono huo ni jeraha. Mshipa ukipindika, au shinikizo la damu likishuka mno, mwendo wa damu hupungua. Figo yenye ateri zaidi ya moja humpa daktari kazi zaidi ya kushona. Na kwa kuwa figo hiyo hutegemea mishipa hiyo pekee, ikizibwa damu haina njia nyingine ya kupitia. Hatari hii ni kubwa zaidi katika majuma mawili ya kwanza.

Je, ni akina nani walio hatarini zaidi?

Wa kwanza ni aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, au ambaye jamaa zake wa karibu wamepatwa na hali hiyo. Wengine ni wale ambao figo zao za awali zilivujisha protini nyingi katika mkojo, kwa sababu protini zinazozuia damu kuganda hupotea pia. Watoto wadogo wana mishipa myembamba. Umri mkubwa, unene, kisukari na uvutaji sigara huongeza hatari.

Baadhi ya dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo huchangia pia. Hata hivyo, mgonjwa asithubutu kuziacha, kwani atapoteza figo kwa njia nyingine. Mwanamke naye amwulize daktari kabla ya kumeza tembe za kupanga uzazi, kwani baadhi yake huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Hatari haiishi mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Damu inaweza kuganda mguuni, na donge likibanduka huenda hadi mapafuni na laweza kuua. Kukaa bila kujinyoosha huchangia. Wakenya wengi hupandikizwa figo nchini India na kurejea kwa ndege, na wengine hupanda basi kutoka mashambani kuja kliniki Nairobi. Katika safari za namna hiyo, mgonjwa asimame na kutembea kila apatapo nafasi, na anywe maji kwa kiasi alichoelekezwa.

Tena, miezi kadhaa baada ya upasuaji, mwili wa baadhi ya wagonjwa hutengeneza chembe nyekundu kupita kiasi. Mtu aliyeishi miaka mingi na upungufu wa damu huenda akafurahi, kumbe damu imekuwa nzito. Ndiyo sababu kupimwa damu kliniki hakupaswi kukosekana.

Daktari anaweza kutoa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile heparini, lakini hupima kwanza, kwa maana dawa hiyo yaweza kufanya kidonda kivuje. Si dawa ya kujinunulia.

Dalili za kuangalia ni hizi: mkojo kupungua ghafla au kuwa na damu, uvimbe na maumivu penye figo, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuchoma au pumzi kukatika. Wakati mwingine mkojo hukoma bila maumivu yoyote. Anayeziona dalili hizi asingoje kupambazuke wala siku ya kliniki. Aende hospitali saa iyo hiyo, kwani figo iliyozibwa haiwezi kungoja.