Shanga za tate zina ndugu kwenye mti wa Noeli

Fizi, Kivu ya Kusini – Kama nyumbani kwenu kuna uzi wa shanga nyekundu za tate mwanamke, chukua moja, ielekeze kwenye jua, uangalie tundu lake. Ukiona nje ni nyekundu na ndani ni nyeupe, usiiuze leo.

Shanga ya namna hiyo haikutengenezwa Afrika. Ilitoka Ulaya, hasa Venezia inchini Italia, ikashuka Zanzibar kwa meli, ikapanda mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, halafu ikavuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kuja upande wetu. Muingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi wa Februari 1858, aliandika kwamba watu wa misafara waliziita sami-sami, na jina lingine lilikuwa kivunja mji, eti kwa sababu wanawake walizipenda kupita kiasi. Hayo ni maneno ya wanaume wa safari. Hakuna aliyewauliza wanawake wenyewe.

Zile za zamani zilipata wekundu wao kwa dhahabu kidogo iliyochanganywa ndani ya kioo. Kwa mtu wa Fizi, anayejua jinsi watu wanavyotoa jasho Misisi kutafuta dhahabu, hilo si jambo la kupita haraka: tate zetu walivaa dhahabu shingoni bila kuambiwa.

Wakati ule shanga hazikuwa pambo tu. Zilikuwa pesa. Sokoni Ujiji watu walinunua samaki, chumvi na unga kwa shanga zilizohesabiwa moja moja. Henry Morton Stanley, alipojitayarisha Zanzibar mwaka wa 1871 kumtafuta Livingstone, alisumbuka sana kuchagua rangi, maana kila inchi ilikuwa na mapendo yake. Shanga kubwa za sungomaji, ambazo aliziita shanga za yai, zilikubaliwa Ujiji na ng'ambo ya magharibi, upande wa Kalemie wa leo. Kwingine kote wangezikataa. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mzigo wa kioo usionunua hata kuku.

Na tusifiche: misafara ileile iliyoleta shanga ilirudi na pembe za tembo na watu waliofungwa. Uzi mmoja wa shanga unaweza kuwa zawadi ya arusi, na mwingine unaweza kuwa bei ya mtu. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha.

Sasa tuende Ulaya, kwa maana shanga hizo zina ndugu zao huko, na hao ndugu wanaheshimiwa kuliko zetu.

Katika milima ya Thuringia, Ujerumani, kuna mji mdogo unaoitwa Lauscha. Kiwanda cha kioo kilianzishwa pale mwaka wa 1597. Mafundi wake walipuliza shanga za kioo nyumbani kwao, baba kwenye moto, mama na watoto wakipaka rangi na kufunga. Kati ya miaka ya 1840 walianza kupuliza pia mipira ya kupamba mti wa Noeli. Kazi ni ileile: bomba la kioo linapashwa moto mpaka linalegea, fundi anapuliza, kioo kinavimba. Ndani wanamimina dawa yenye fedha na kutikisa, mpira unang'aa kama kioo cha kujitazamia. Mwishoni wanachovya rangi, wanakata shingo na kufunga kofia ndogo ya bati yenye kitanzi.

Mwaka wa 1880 Mmarekani mwenye maduka, F. W. Woolworth, alishawishiwa kununua mapambo hayo ya dola 25. Inasimuliwa kwamba hakuamini kama yatanunuliwa, lakini yaliisha kwa siku mbili. Kutoka pale Lauscha ilipamba sapini za nusu ya dunia.

Upande wa Bohemia, inchi ya Wacheki, mji wa Jablonec na vijiji vyake viliishi kwa kutengeneza shanga, na sehemu kubwa ya shanga hizo ilisafirishwa Afrika. Si mbali na pale, katika kijiji cha Poniklá, mafundi bado wanapuliza shanga nyembamba na kuziunganisha kwa waya kuwa nyota, ndege na ndege za kuruka, za kutundika kwenye mti wa Noeli. Mwaka wa 2020 UNESCO iliandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka uleule iliandika pia ufundi wa shanga za kioo wa Italia na Ufaransa. Shanga na pambo la Noeli viliingia pamoja.

Leo Marekani na Ulaya kuna watu wanaokusanya mapambo ya zamani ya kioo kama wengine wanavyokusanya timbre. Chama chao kimoja, Golden Glow of Christmas Past, kilianzishwa mwaka wa 1980. Wanajua alama zote. Kofia ya bati yenye kutu kidogo inaonyesha umri. Kofia ya karatasi ngumu, na mpira usio na fedha ndani, vinaonyesha miaka ya Vita Kuu ya pili, wakati chuma na fedha vilihitajika jeshini. Mpira mwepesi sana unaweza kuwa umepulizwa na mtu. Mipira inayofanana yote inaweza kutoka kwenye mashine ya Corning, ambayo kabla ya Noeli ya 1940 iligeuzwa kutoka kupuliza taa za umeme, na kwa dakika chache ilitoa mipira mingi kuliko fundi kwa siku nzima.

Lakini kitu ambacho wakusanyaji wanakitafuta zaidi ya kofia na rangi ni historia: sanduku la kwanza, jina la duka, jina la familia iliyokitundika. Pambo lenye habari hizo linapanda bei. Lisilo nazo ni kioo.

Shanga zilizotoka Afrika zimeuzwa bila habari hizo. Tangu miaka ya 1960, vijana wa Marekani walipozipenda, wachuuzi walizikusanya vijijini, wakakata nyuzi za familia, wakachanganya rangi, wakazifunga upya na kuziandika jina moja tu: shanga za biashara za Afrika. Ya Fizi, ya Ghana, ya Mali, zote uzi mmoja.

Jambo linalouma ni kwamba wazee wetu walijua siri hiyo kabla ya wakusanyaji. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kati ya Walega na Wabembe miaka ya 1950, alionyesha kwamba katika Bwami kitu kilipita mkono kwa mkono, na waliokishika zamani walikumbukwa. Kofia za Bwami zilishonewa simbi, vifungo na shanga, na kila moja ilisema cheo cha mwenyewe. Wabelgiji walikuwa wamepiga Bwami marufuku mwaka wa 1948. Vitu vikafichwa, vingine vikauzwa kwa wazungu bila majina.

Halafu vita. Mwaka wa 1996, na tena 1998, watu wa Baraka, Mboko na Kazimia walivuka ziwa kwenda Kigoma na walichoweza kubeba. Kiti cha mti hakivuki. Shanga inafungwa kwenye pindo la kitenge. Kwa hiyo zilizobaki ziko kwa akina mama, pengine Baraka, pengine kambini Nyarugusu, pengine Marekani kwa waliopelekwa huko.

Simu ya mkononi inatosha kwa kazi ya kwanza. Piga picha ya uzi mzima kabla ya mtu kuukata, halafu picha ya tundu la shanga moja. Usibadilishe uzi wa zamani hata kama umechakaa; namna ulivyofungwa ni habari. Rekodi sauti ya tate akisema kwa Kibembe ni nani aliyempa, siku gani alizivaa, na kwa nini rangi ile. Mnunuzi akija kabla hamjamaliza, mwambieni angoje. Akitaka kuzivusha mpaka, kuna sheria ya 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni, na ni vizuri aulizwe kama anaijua.

Na ninyi mlioko Marekani, baada ya Noeli mapambo ya zamani yanauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vitu vya okazi. Angalieni kofia ya bati. Mkinunua, msioshe kwa maji, rangi inatoka. Mfute vumbi kwa kitambaa kikavu, na siku mkitundika, mtundike uzi wa tate pembeni yake mlinganishe kioo.