Eliya Chini ya Mretemu: Msongo wa Mawazo na Utunzaji wa Mwili

Eliya alipomkimbia Yezebeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe (1 Fal. 19). Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, na nabii akalala tena. Maswali ya Bwana yalimjia baadaye, huko Horebu. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi msongo wa mawazo unavyougusa mwili, njia zinazoweza kuutuliza pasipo vidonge, na mipaka ya njia hizo.

Mtu apatwapo na hofu, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza, na usagaji wa chakula hupungua. Hiyo ni zawadi ya Muumba kwa hatari ya kitambo. Lakini deni, msiba na ugomvi wa nyumbani haviishi kwa dakika chache. Mwili ukikaa katika hali hiyo kwa miezi, usingizi hutoweka, kichwa na mgongo huuma, na moyo huelemewa.

Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kwamba mtu akiketi kimya, akapumua taratibu na kurudia neno moja au sala fupi, mwili hugeukia hali iliyo kinyume: pumzi na mapigo ya moyo hupungua. Kabla yake Sebastian Kneipp (1821–1897), padre wa Bavaria aliyeugua mapafu ujanani, alijitibu kwa maji baridi, kisha akafundisha tiba ya asilia iliyounganisha maji, mimea, mazoezi, chakula cha kiasi na maisha yenye utaratibu. Si yote aliyoyafundisha yaliyothibitika. Hata hivyo, kutembea kila siku, kulala vya kutosha, kupunguza chumvi na kuacha ulevi ni mashauri ambayo madaktari wa leo nao huyatoa.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Katika sharika zetu vidonda vya tumbo bado huitwa ugonjwa wa mawazo. Lakini mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Australia, walifaulu kumkuza bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vidonda vingi hutokana na bakteria huyo, ambaye huondolewa kwa dawa, au na dawa za maumivu kama aspirini. Mchungaji amwambiaye mgonjwa wa namna hiyo apunguze mawazo humchelewesha, tena humtwika lawama isiyo yake.

Vilevile, kitu kuwa cha asili si kusema hakina madhara. Mizizi ya susu ikitumiwa kwa wingi huweza kupandisha shinikizo la damu. Mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za UKIMWI. Na shinikizo la damu mara nyingi halina dalili: mtu aweza kuondoka ibadani akiwa na amani tele, huku kipimo kikionyesha hatari. Sisi wachungaji tumesimama makaburini pa watu walioacha vidonge kwa kuwa walijisikia wamepona.

Luther hakutenganisha mambo haya. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliukiri mwili pamoja na roho kuwa vipawa vya Mungu. Mwaka 1527, alipoandika juu ya tauni, alihimiza watu watumie dawa. Na mwaka 1530 alimshauri Jerome Weller, aliyelemewa na huzuni, asikae peke yake.

Basi, ajapo Mkristo aliyechoka, kwanza tumsikilize. Tumwulize kama analala, anakula, na amepimwa lini. Tumfundishe kutulia katika sala, na tumpeleke zahanati. Asiache dawa yoyote pasipo daktari. Na mchungaji asijisahau: aliyelala chini ya mretemu alikuwa mtumishi wa Mungu, naye alihitaji mkate na usingizi kabla ya kuendelea na safari.