Usalama wa Mgonjwa Hospitalini: Funzo Kutoka Nairobi

Mwezi wa Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, lilitokea kosa lililoishtua Kenya nzima na kuzungumzwa hata nje ya bara la Afrika. Wagonjwa wawili walikuwa wamelazwa kwa matatizo ya kichwa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ndani ya fuvu, naye alihitaji kupasuliwa ili damu hiyo iondolewe. Wa pili alikuwa na uvimbe tu, uliohitaji matibabu bila ya kisu. Vitambulisho vyao vikachanganywa, na aliyefikishwa katika chumba cha upasuaji akawa ni yule wa pili. Fuvu lake likafunguliwa, na madaktari wakafanya kazi kwa saa kadhaa kabla ya kugundua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwemo.

Taarifa zilizotolewa baadaye zilieleza kwamba mgonjwa aliyepasuliwa kimakosa aliendelea kupata nafuu. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati si utaratibu wa kazi.

Habari hizo zilipowafikia wananchi mwanzoni mwa Machi 2018, Wizara ya Afya ya Kenya ilichukua hatua mara moja. Mkurugenzi Mkuu wa hospitali alipewa likizo ya lazima. Daktari aliyepasua, muuguzi wa wodi, muuguzi aliyewapokea wagonjwa katika chumba cha upasuaji, na mtaalamu wa dawa ya usingizi, wote walisimamishwa kazi. Madaktari wenzao wakalalamika, wakisema kwamba daktari alimpasua mgonjwa aliyeletwa mbele yake akiwa amevishwa kitambulisho cha mtu wa kupasuliwa.

Mabishano hayo yalihusu nani alaumiwe. Lakini swali kubwa zaidi ni jingine. Mgonjwa yule alitoka wodini, akapokewa, akalazwa usingizi, akapasuliwa. Katika kila hatua alikuwepo mtu mwenye elimu na uzoefu. Iweje kosa moja la mwanzo lipite katika mikono yote hiyo bila ya kuzuiwa? Jibu ni kwamba kila mmoja alimwamini aliyemtangulia. Pale ambapo kila mlinzi anadhani mwenzake amekwisha kagua, lango huwa halina mlinzi.

Askari wa jeshi na wa polisi hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Askari anayekabidhiwa bunduki haambiwi tu kwamba haina risasi, akaridhika. Huifungua, akaitazama chemba kwa macho yake mwenyewe, hata kama aliyempa ni mkubwa wake na ameikagua dakika hiyo hiyo. Hafanyi hivyo kwa kumdharau mwenzake. Hufanya hivyo kwa sababu uzoefu umeonyesha kwamba binadamu husahau, huchoka na hughafilika, hata akiwa hodari namna gani.

Historia ya majeshi inatoa mfano ulio wazi. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field karibu na mji wa Dayton nchini Marekani, ndege mpya ya kivita ya kampuni ya Boeing ilikuwa ikijaribiwa mbele ya maofisa wa jeshi. Rubani wake, Meja Ployer Hill, alikuwa mtu mwenye ujuzi mkubwa. Ndege ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Meja Hill alipoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba mitambo ya ndege ilikuwa mizima. Kilichosahaulika ni kufungua komeo linalozuia usukani wa mkiani usitikiswe na upepo ndege inapokuwa chini. Jeshi halikuamua kutafuta marubani wenye akili zaidi ya Meja Hill. Marubani walitunga orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, yakisomwa moja baada ya jingine, kila safari. Ndege ya aina hiyo ndiyo iliyokuja kutengenezwa kwa maelfu na kutumika katika Vita Kuu ya Pili.

Hospitali zilichelewa sana kujifunza somo hilo. Ilikuwa Juni 2008 ambapo Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji. Orodha hiyo ina mambo 19, nayo imegawanywa katika vituo vitatu. Kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, huthibitishwa jina lake, aina ya upasuaji na mahali pa kupasuliwa. Kabla ya ngozi kukatwa, kazi husimama kidogo. Wote waliomo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi, kisha husema kwa sauti ni nani anayepasuliwa, wapi na kwa sababu gani. Kabla ya mgonjwa kutolewa, vyombo, sindano na vitambaa huhesabiwa ili kisibaki kitu mwilini mwake.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali duniani. Mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hapa Tanzania, sambamba na hospitali za London, Toronto na New Delhi. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali zote nane kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka wagonjwa 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000. Madhara makubwa yalipungua kutoka wagonjwa 110 hadi 70 katika kila 1,000. Hapakununuliwa mtambo wa mamilioni. Kilichoongezwa hasa ni karatasi, sauti ya binadamu, na nidhamu ya kusimama kidogo kabla ya kutenda.

Chumba cha upasuaji si mahali pekee penye hatari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa mmoja katika kila kumi hupata madhara kutokana na huduma anayopewa, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Mengi hutokana na dawa. Nukta ikiandikwa vibaya, mgonjwa hupewa kipimo mara kumi ya kile alichostahili. Dawa mbili zenye majina yanayokaribiana zikiwekwa rafu moja, mkono wenye haraka huchukua isiyotakiwa. Maji makali ya kloridi ya potasiamu, yakichomwa mshipani bila kuzimuliwa, husimamisha moyo. Ndiyo maana hospitali zenye utaratibu mzuri haziyaweki wodini pamoja na dawa za kawaida.

Kinga za makosa hayo zinafanana na zile za kambini. Askari wa mawasiliano anapopokea ujumbe kwa redio huurudia ili aliyeutuma ahakikishe kwamba umesikika sawasawa. Muuguzi anayepewa agizo la dawa kwa simu anapaswa kufanya vivyo hivyo: aliandike, alisome kwa sauti, asubiri kuthibitishiwa. Askari wa lindo hamwulizi mtu gizani, "Wewe ndiye Koplo fulani?" kwani adui naye atajibu "Ndiyo." Humwuliza, "Nani wewe?" Hali kadhalika muuguzi hapaswi kumtajia mgonjwa jina, kwani mgonjwa mwenye maumivu au usingizi huitikia jina lolote. Humtaka aseme mwenyewe jina lake, kisha akalilinganisha na lile lililoandikwa katika utepe wa mkononi na katika jalada lake.

Polisi wana sehemu yao katika kinga hizi. Mara nyingi wao ndio wanaowafikisha hospitalini watu waliojeruhiwa ajalini, wengine hawajitambui wala hawana ndugu karibu. Jina linaloandikwa katika fomu ya PF3 linaweza kumfuata mgonjwa mpaka mezani pa daktari. Likiandikwa kwa kubahatisha, kosa limekwisha anza kabla ya daktari kumwona mgonjwa. Asiyejulikana jina aandikwe kuwa hajulikani, pamoja na mahali alipookotwa, saa, mavazi na alama za mwili. Asipachikwe jina lililookotwa katika mfuko wa koti ambalo huenda si lake.

Linabaki suala la adhabu. Mtumishi anayekuja zamu akiwa amelewa, au anayepuuza utaratibu kwa makusudi, hana budi kuadhibiwa. Aidha, kumsimamisha mtu kazi ili uchunguzi ufanyike huenda kukawa lazima. Lakini ikiwa kila anayetoa taarifa ya kosa hukabiliwa na kufukuzwa, watumishi watajifunza kuficha. Kosa lililofichwa halichunguzwi, na lisilochunguzwa hurudi kwa mgonjwa mwingine. Kamanda mwenye busara hutaka kuambiwa habari za risasi iliyofyatuka bila kukusudiwa hata kama haikumpata mtu, kwani iliyokosa leo inaweza kupata kesho. Hospitali nayo inahitaji kuyajua makosa yaliyogunduliwa dakika ya mwisho, na kuyatafutia dawa yangali hayajaua.

Ni lazima pia mdogo awe na haki ya kusema. Katika chumba cha upasuaji, mara nyingine anayeliona kosa ni muuguzi kijana, na anayelitenda ni bingwa mwenye mvi. Kijana akinyamaza kwa kuogopa cheo, heshima hiyo itakuwa imegharimu maisha. Kumwambia mkubwa, "Tafadhali, tuhakikishe kwanza," si uasi. Ni utii kwa kazi yenyewe.

Tangu mwaka 2019, tarehe 17 Septemba huadhimishwa kuwa Siku ya Usalama wa Wagonjwa Duniani. Siku moja kwa mwaka haitoshi. Vikosi vya ulinzi na usalama vina hospitali zao, kama ile ya Lugalo jijini Dar es Salaam, na humo wamo madaktari na wauguzi waliolelewa katika nidhamu ya kukagua. Nidhamu hiyo waliyofundishwa kwa ajili ya bunduki waitumie pia kwa bomba la sindano na kwa kisu cha upasuaji. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa ajali za hospitali, usemi huo si kweli. Kinga ipo, inajulikana, na haina gharama kubwa. Inataka tu watu wa kuifuata kila siku, kwa kila mgonjwa, hata pale wanapokuwa na hakika kwamba hakuna lililoharibika.