Fahamu: Dawa ya kusafishia chupa inavyopotea kiwandani

Kabla ya juisi au maji kumiminwa, chupa na vifuniko katika viwanda vingi hunyunyiziwa dawa ya kuua vijidudu, kwa mfano asidi ya peraseti. Dawa hiyo huwasha macho na koo za wafanyakazi. Sehemu yake humwagika mtaroni bila kugusa chupa hata moja.

Tuanze na nozeli, yaani mdomo wa kunyunyizia dawa. Kitundu chake kikichakaa na kutanuka kipenyo kwa asilimia 10 tu, nafasi ya kupitisha dawa huongezeka kwa asilimia 21. Kwa macho, mnyunyizo unaonekana uleule. Pipa la dawa ndilo linaloisha mapema. Kupima nozeli ni rahisi: kinga dawa kwa dakika moja kwenye chombo chenye alama, kisha linganisha na nozeli mpya. Fundi asiyefanya hivyo anabahatisha.

Nafuu zaidi huletwa na vali ya umeme yenye kitambuzi. Chupa ikifika, inafunguka. Mkanda unaobeba chupa ukisimama, inajifunga.

Dawa hupotea pia wakati wa kusafisha matangi. Ndani yake, tufe lenye matundu lisilozunguka humwaga dawa ukutani iteremke yenyewe. Kichwa kinachozunguka hupiga ukuta kwa nguvu, hivyo hutumia kimiminika kidogo. Ila kikikwama, upande mmoja hubaki mchafu, na mnywaji ndiye anayeumia. Kwa hiyo kabla ya kupunguza dawa, maabara ya kiwanda ichukue sampuli kwenye kuta, hasa juu karibu na mfuniko, ambako mnyunyizo hufika kwa shida.